Msituletee Semina Nyingine

Mwaka jana nilisimama mbele ya darasa la sita katika shule moja ya msingi mkoani Geita, fulana ya mradi mwilini na bango mkononi, nikauliza: "Nani anajua zebaki ni nini?"

Nilitarajia kimya. Mikono ikapanda darasa zima. Mvulana wa dawati la nyuma hakungoja kuitwa. Alisema ni dawa ya kukamatia dhahabu, ukishaikamua kwenye kitambaa unabaki na kidonge cheupe, unakichoma, kinageuka cha njano. Msichana wa mbele akaongeza kwamba wakati wa kuchoma usikae upande unakoelekea moshi, mama yake humkataza. Wa tatu alifungua begi akatoa bomba la kalamu lililozibwa pande zote mbili kwa plastiki iliyoyeyushwa. Ndani kulikuwa na kitu kinachong'aa, kinakimbia huku na huku. "Shika, madam," akaniambia, "uone kilivyo kizito."

Nilikuwa nimepangiwa dakika 40 za kuwaelimisha. Ndani ya dakika tano walikuwa wamemaliza kila kilichoandikwa kwenye bango langu, pamoja na mambo mawili matatu ambayo waliolichora hawayajui. Dakika zilizobaki nilizitumia kumbembeleza yule mtoto aniachie ile kalamu. Hakutaka. Ilikuwa ya kaka yake, na kaka angeidai.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na neno elimu. Si elimu ninayoisomea. Hiyo nimo ndani yake, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na ninaipenda. Nagombana na elimu ya kwenye hotuba na taarifa za habari, ile inayokuja baada ya maneno "wananchi wanahitaji kupewa". Wachimbaji wadogo wapewe elimu. Akina mama wapewe elimu. Jamii ipewe elimu kuhusu madhara ya zebaki. Nimeisikia kwenye kumbi za Shinyanga mjini, nimeisikia Kahama, nimeisikia Geita, na aibu yangu ni kwamba nimeiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa mapendekezo wa ripoti mbili. Ni pendekezo jepesi kuandika. Halimgombanishi mtu na mtu. Halihitaji bajeti kubwa zaidi ya chai, maji ya chupa na posho. Na linamwachia msomaji picha moja kichwani: kwamba mama anayechoma dhahabu jikoni kwake anafanya hivyo kwa sababu hajui.

Mimi nina mama mmoja anayejua.

Mama yangu mdogo anaishi pembezoni mwa Katoro. Likizo zote za kidato cha tano na cha sita nilikaa kwake. Yeye hachimbi. Wanawake wengi wa ukanda huu hawashuki kwenye maduara. Wako juu, kwenye makarasha na mialo, wakitwanga, wakichekecha, wakiosha upya marudio, yaani ule mchanga ambao wenye mawe wameshatoa dhahabu waliyoiweza na kuutupa. Mama mdogo hununua marudio kwa ndoo, anayaosha, anachanganya na zebaki kwenye karai kwa mikono mitupu, anakamua kwa kitambaa. Jioni anarudi nyumbani na kidonge kidogo kuliko harage. Takriban nusu ya kidonge hicho ni dhahabu na nusu ni zebaki, na ili aipate moja lazima aiondoe nyingine. Njia anayoiweza ni moto: kipande cha bati kilichokunjwa kama kijiko, juu ya jiko la mkaa, jiko lile lile ambalo limetoka kuivisha maharage ya watoto.

Mlango unakuwa umefungwa. Dirisha limezibwa kwa kanga. Siku moja nilimuuliza, "Mama mdogo, kwa nini usichomee nje?"

Akanitazama kama natania. "Nichomee nje ili nani aone?"

Jibu hilo sijawahi kuliona kwenye bango lolote, wakati ndilo jambo lenyewe. Dhahabu ndogo ni fedha taslimu isiyo na jina la mtu. Ukiichomea mwaloni, mwenye mwalo anaiona na anajua akukate kiasi gani. Ukiichomea uani, jirani anaiona, na jirani ana vijana. Mwanamke anayelala peke yake na watoto, mume yuko rashi nyingine huko Chunya au hajulikani aliko, hawezi kutangaza kwa moshi kwamba usiku huu ndani mwake kuna gramu mbili. Kwa hiyo anafunga mlango. Anajua moshi ni mbaya. Anawageuzia watoto migongo, anawaambia wajifunike shuka. Amepima hatari mbili akachagua ile isiyomuua usiku huo huo.

Sasa mwambie anahitaji elimu.

Lakini shuka haizuii kitu. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Sentigredi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Moshi anaouona mama mdogo si wenyewe, wenyewe hauonekani. Mtu akiuvuta, sehemu kubwa hupita kwenye mapafu moja kwa moja hadi kwenye damu, na kutoka kwenye damu huingia kwenye ubongo na figo. Kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mvuke usiovutwa hupoa, ukarudi kuwa vitone vidogo mno kwenye ukuta wa udongo, kwenye godoro, kwenye sufuria iliyofunikwa vibaya, kwenye nguo za shule zilizotundikwa msumarini. Na vitone hivyo haviishi. Vinaendelea kutoa mvuke taratibu hata kwa joto la kawaida la chumba. Jiko likishazimwa, chumba kinaendelea kuchoma. Mimi nililala chumba hicho likizo nne.

Na niseme kabisa, kabla mtu hajanisemea: sehemu ya ada yangu ya shahada ya kwanza ilitoka kwenye kijiko kile cha bati. Mkopo wa serikali ulinipa asilimia fulani, mama mdogo akamalizia. Nimesoma sumu kwa fedha ya sumu. Kwa hiyo sina haki ya kumwita mjinga, na sikubali mtu mwingine amwite hivyo kwa lugha ya adabu.

Hoja yangu si kwamba maarifa hayana kazi. Hoja yangu ni kwamba maarifa yapo siku nyingi, na yamekaa upande ambao hayaombwi kufanya kitu. Mwaka 2003 timu ya kitaalamu chini ya mradi wa UNIDO ilikwenda Lwamgasa, Geita, ikawapima watu 180 wa pale, na ili kupata ulinganisho ikapima wengine 31 wa Katoro. Wachomaji walikutwa na zebaki kwenye mkojo kwa viwango vya juu sana kuliko wale wa ulinganisho. Mwaka 2008 ukachapishwa utafiti wa maziwa ya akina mama kutoka maeneo ya dhahabu ya Indonesia, Zimbabwe na Tanzania, sampuli 46, ukiuliza kama maziwa yenyewe yanaweza kumpelekea mtoto zebaki. Mwaka 2010 kanuni za mazingira kwa wachimbaji wadogo zikataka retoti, kile chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa kimiminika. Agosti 2013 Human Rights Watch wakatoa ripoti nzima kuhusu watoto na zebaki katika machimbo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, baada ya kuzungumza na watu zaidi ya 200. Oktoba mwaka huo huo Tanzania ikatia saini Mkataba wa Minamata. Ikauridhia mwaka 2020, miaka saba baadaye. Kila moja ya nyaraka hizo inajua anachokijua mama mdogo, na zaidi.

Mkataba wenyewe, kwenye kiambatisho chake cha tatu, unataja vitendo vinne ambavyo kila nchi yenye uchimbaji mdogo wa dhahabu lazima ichukue hatua kuvikomesha. Kimoja ni kuchoma zebaki na dhahabu katika makazi ya watu. Hawakusema kuelimisha kuhusu. Walisema kukomesha. Na neno walilotumia ni makazi, yaani jikoni kwa mama mdogo, wala si duarani. Lakini ukifuatilia zebaki kwetu inaishia kwenye meza ya madini na meza ya mazingira, wakati anayeivuta amebebwa mgongoni kupelekwa kliniki kila mwezi, anapimwa uzito, anachanjwa, anarudishwa kwenye chumba kile kile, na hakuna aliyemuuliza mama yake swali moja: nyumbani kwenu mnachoma?

Jina hilo, Minamata, tunalitamka kwenye semina kama jina la mkataba tu. Ni mji wa wavuvi huko Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba yao, ikaingia kwenye samaki, samaki wakaliwa, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi: watoto waliozaliwa wamekakamaa, watu wazima wasioweza kushika vijiti vya kulia. Zebaki ile ilikuwa ya aina nyingine, iliyopita kwenye chakula. Yetu inapita puani. Ninaikumbusha kwa sababu moja tu. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda, Hosokawa Hajime, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda, akaona paka anaumwa ugonjwa ule ule. Kampuni ikajua. Ikanyamaza, ikaendelea kumwaga hadi 1968, mwaka ambao serikali nayo hatimaye ilitamka hadharani chanzo ni nini. Miaka tisa ya kujua. Hakuna aliyesema kwamba tatizo la Minamata lilikuwa wavuvi kukosa elimu, ingawa nina hakika kama wangekuwa na projekta, mtu angejaribu.

Kuna daktari mwingine wa Minamata, Harada Masazumi, aliyetumia maisha yake kuwatetea wagonjwa wale. Miaka ya 1990 yeye na wenzake walifika kwetu, Kanda ya Ziwa, wakapima nywele za watu 272: wachimbaji, wavuvi na familia zao, na wakazi wachache wa Mwanza mjini. Baadhi ya waliokutwa na viwango vya kutisha hawakuwa wachimbaji hata kidogo. Ilipotafutwa sababu, kidole kilielekea kwenye sabuni ya kuogea, ile ya kung'arisha ngozi, yenye zebaki ndani. Mtu hajawahi kukanyaga mwalo, ana sumu ya mwaloni nyweleni, ameipata bafuni. Vipodozi hivyo vimepigwa marufuku kwetu miaka mingi, na mkorogo unaendelea kuuzwa, na dada zangu wa hosteli wanaujua kwa majina ya utani. Nao walishapewa elimu.

Haya ya chumbani na bafuni hayaonekani, na kwetu kisichoonekana hakina dharura. Nyangalata, Msalala, mwaka 2015, duara liliporomoka na wachimbaji watano wakaokolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi. Taifa zima lilijua. Nilikuwa bado shule na tulisimuliana walivyokula wadudu na kunywa maji yaliyochuruzika. Ni habari ya kweli na inastahili. Lakini jiko la mama mdogo haliporomoki. Halina siku ya tukio, halina kamati ya uchunguzi, mkuu wa wilaya hawezi kufika na kofia ngumu. Linatoa kidole kinachotetemeka, mtoto anayechelewa kusema, hasira isiyo na sababu, usingizi unaokataa, fizi zinazouma. Kila kimoja kati ya hivyo kina jina lingine rahisi zaidi. Malaria. Presha. Utukutu. Au mkono wa mtu.

Kuhusu hilo la mwisho sisi wa Shinyanga tunapaswa kuwa waangalifu kuliko watu wote. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na macho mekundu. Kijiji chake kilikuwa kimemaliza miti muda mrefu, akawa anapikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, miaka 50. Moshi uliyachoma macho yake kama ulivyoyachoma ya wazee wenzake wote. Na mnajua macho mekundu ya mwanamke mzee yalimaanisha nini usukumani. Mauaji ya vikongwe hayakuwa hadithi kwetu. Baba yangu alimhamishia bibi mjini mwaka ambao jirani yake aliuawa kwa mapanga. Sumu ya jikoni iliandikwa kwenye mwili wa mwanamke, sisi tukasoma uchawi. Sasa kuna sumu nyingine ya jikoni, inayotetemesha mikono ya wanawake wa umri wa mama mdogo. Sitaki kungoja nione safari hii tutasoma nini.

Nikiri pia kwamba kwenye suala la kuni Shinyanga tuna mfano wa jambo lililofanywa vizuri. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, ulishindwa ulipokuja na miche yake na mafundisho yake, ukafaulu ulipogeukia ngitili, malisho ya akiba ambayo Wasukuma walikuwa wakiyatenga na kuyafunga tangu zamani. Vichaka vikarudi kwa maelfu ya hekta. Waliacha kuuliza wananchi wamekosa nini kichwani, wakauliza wana nini tayari.

Basi tuulize vivyo hivyo kuhusu retoti. Kwa nini haitumiki? Nimewauliza akina mama 14 na wanaume sita kwa ajili ya tasnifu yangu, na majibu hayana ujinga hata chembe. Kwanza, huioni dhahabu inapochomwa. Chombo kimefungwa, na katika biashara hii usichokiona ndicho unachoibiwa. Pili, inakula muda na mkaa. Tatu, ya kununua ni ghali, na ya kikundi inakaa kwa mwenyekiti. Nne, kidonge cha mwanamke wa marudio ni kidogo mno, anahofia kitapotelea ndani ya bomba. Ningeweza kumpa mama mdogo semina kumi na hakuna hata moja kati ya hofu hizo nne ingepungua.

Serikali haijakaa bure, na sipendi makala zinazojifanya imekaa bure. STAMICO wamejenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa, Katente na Itumbi, vinavyotoa dhahabu bila zebaki na kupata kiasi kikubwa zaidi kuliko karai. Ni jambo jema. Ila mtambo wa namna ile unataka mzigo wa tani. Anayefika pale ni mwenye duara, mwenye lori. Mama mwenye ndoo tatu za marudio hawezi hata kupanga foleni, na ndiye anayechoma chumbani. Tumemsaidia aliyekuwa na uwezo wa kukaa mbali na moshi.

Kisha angalia soko. Machi 2019 Waziri Mkuu alizindua soko la madini Geita, na mengine yakafuata. Pale kuna mizani ya kusoma sehemu ndogo ya gramu, kuna mashine za kupima usafi wa dhahabu, kuna mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1 wakati ule. Sisemi ni vibaya; nimezaliwa kwenye kanda ambayo dhahabu ilikuwa ikiondoka kwenye soksi. Ninachosema ni kwamba nchi iliweza, ndani ya miezi, kujenga mfumo unaofuatilia kila chembe ya dhahabu kutoka mkononi mwa mwanamke wa Katoro hadi kwenye daftari la serikali. Nusu ya pili ya kidonge, ile iliyobaki kifuani mwake na kwa watoto wake, haina mizani wala daftari.

Nililijaribu hili mwenyewe. Mtoto wa mwisho wa mama mdogo alipofika miaka mitatu bila kusema neno zaidi ya mawili, tulimpeleka hospitali moja ya kanda hii. Niliomba apimwe zebaki kwenye mkojo. Daktari alikuwa mpole, kijana wa rika langu, na nadhani aliona haya kuliko sisi. Alisema kipimo hicho hawana, hawajawahi kukituma popote, na hata fomu ya kukiombea haipo. Aliandika dawa ya minyoo na vitamini. Ninamweka daktari huyo karibu na moyo wangu kwa sababu hakusema tunahitaji elimu, alisema, "Dada, mimi mwenyewe ningependa kujua." Mwanza kuna maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa. Kati ya kile chumba cha daktari na ile maabara hakuna bahari. Hakuna fomu.

Kwa hiyo ninachotaka ni vitu vidogo vya kuudhi, vinavyogharimu zaidi ya chai. Fomu hiyo, kwanza. Swali moja kwenye kliniki ya mama na mtoto katika kila wilaya ya dhahabu, na chupa ya mkojo kwa anayejibu ndiyo. Na banda la kuchomea, katika kila kijiji chenye mwalo, mbali na nyumba, lenye retoti ya kioo, ambayo mwenye dhahabu anaiona ikigeuka njano mbele ya macho yake. Banda lenye mlango wa kufunga kwa ndani, mtu mmoja mmoja, lenye mlinzi usiku, na mizani ambayo si ya mwenye mwalo. Retoti za kioo zipo duniani, si uvumbuzi wangu. Mlango wa kufunga kwa ndani ndio mchango wangu, na nimeupata kwa mama mdogo.

Najua nitakachojibiwa na wenzangu wa mazingira: banda la kuchomea linahalalisha zebaki, tungeipiga marufuku tu. Marufuku! Zebaki inayopita mipakani ndani ya chupa za maji, inayokaa kwenye bomba la kalamu la mtoto wa darasa la sita, mtaikamata wapi? Ikipigwa marufuku kesho, mwenye mtaji atahamia kwenye sianidi, na mama mdogo ataziba dirisha kwa kanga mbili badala ya moja. Nami nataka iishe. Lakini kati ya leo na siku itakayoisha kuna watoto wanaolala kwenye vyumba hivyo, na mpango wa taifa wa kupunguza zebaki ulioandikiwa miaka ya 2020 hadi 2025 umeshafika mwisho wa miaka yake wakiwa wamelala humo humo.

Na najua nitakachojibiwa na wachimbaji, wakiwemo wajomba zangu: tumeishika zebaki miaka 30, nani amekufa? Wajomba, sijawaambia mtakufa. Nimeuliza kwa nini ninyi watatu hamwezi tena kumimina chai bila kulowesha kisahani.

Juzi mama mdogo alinipigia simu. Kuna semina wiki ijayo, ya zebaki, kwenye ukumbi wa kata, na jina lake limo kwenye orodha. Akaniuliza kama safari hii watakuja na kile kifaa. Nikamwambia sidhani, ila watakuwa na mabango mapya. "Basi nitakwenda kusaini," akasema. Akataka kujua kama nimekula, akaniambia mtoto sasa anasema maneno manne, akayataja yote manne. Kisha akaniaga haraka, kwa sababu giza lilikuwa limeingia na alikuwa hajawasha jiko.